Tamko la Wanawake Saba kati ya Wanane

Wiki ya tatu hii siendi Nyakato. Asubuhi naamka, navaa, nachukua mkoba, nafika mpaka mlangoni ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mstaafu. Mume wangu anacheka mpaka chai inampalia. Jana nilifika barabarani kabisa. Basi nimeona afadhali nikae hapa nyumbani Buhongwa, nichukue kalamu, niwaandikie ninyi mliorithi meza yangu, maana mkono umezoea kuandika na sasa hauna pa kwenda.

Sina hakika kama ninafaa kuandika. Niliishia darasa la saba, ninyi mna digrii, na wengine wenu mna mbili. Lakini madaftari ninayo, moja kwa kila mwaka wa kazi, na humo niliandika kila siku nani alisema nini. Pale ambapo daftari limenyamaza, nitasema limenyamaza. Pale nilipokosea mimi, nitaandika nimekosea mimi, na mtaona kwamba karatasi haitatosha.

Kwanza niseme kazi yenyewe, kwa sababu shemeji yangu mpaka leo anaamini nilikuwa nafunga sabuni kiwandani, eti ofisi ya wanawake haiwezi kuwa Nyakato katikati ya viwanda. Kila mwaka mataifa yanakutana ng'ambo kuzungumza haki za wanawake. Kabla ya kikao, vyama vinavyotambuliwa, kama chetu, vinaruhusiwa kupeleka tamko la maandishi: kurasa chache, idadi ya maneno imepangwa, lugha imepangwa, siku ya mwisho imepangwa. Tamko likikubaliwa linapewa namba na kuwekwa kwenye mtandao pamoja na mengine, wajumbe wa nchi wanasoma, wale wanaosoma, na bahati ikiwapo fikra yako inaingia kwenye azimio. Azimio linarudi nyumbani. Ndipo wewe unalibeba mpaka halmashauri na kumwambia mheshimiwa, "Hili mlilikubali." Yaani unatoka mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, unazunguka dunia nzima, ili ufike kwenye ofisi ambayo ungeifikia kwa miguu. Mara ya kwanza nilipoelezwa nilicheka. Nikaambiwa hivyo ndivyo milango mingine inavyofunguliwa, kwa kuzungukia nyuma. Niliacha kucheka, lakini si kabisa.

Aliyenieleza ni Mwalimu Ruta. Alikuwa mkufunzi chuoni Butimba, akastaafu, akaja kwetu kutafsiri. Mhaya mrefu, mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko, Kiingereza chake kilikuwa kinatembea polepole kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mimi niliajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Siku ya kwanza aliniona nasoma karatasi ya Kiswahili niliyotakiwa kuitupa.

"Unasoma nini, mama?"

"Nasoma taka, Mwalimu."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa kwamba aliyeandika hajawahi kuanika dagaa."

Aliinua miwani. Kesho yake alinikalisha kwenye mashine ya chapa, na kesho kutwa akaniletea kikombe cha choroko. Mashine ile haikuwa inahesabu maneno kama kompyuta zenu. Kwa hiyo neno moja, punje moja: unasoma kwa kidole, unahamisha punje kutoka kikombe kwenda sahani. Sahani ikiisha kujaa kuliko kipimo, tamko limezidi. Nilihesabu hivyo miaka mingi. Jioni tulikuwa tunazipika, kwa hiyo naweza kusema kwa haki kwamba nimewahi kula matamko ya chama hiki.

Rasimu yangu ya kwanza ya Kiswahili naikumbuka kwa aibu na kwa furaha sawasawa. Mwalimu aliniambia niandike waliyosema wanawake wa mwalo wa Igombe, yeye atafsiri. Nikaandika kama anavyoandika mtu aliyelelewa. Niliwasalimu wajumbe. Niliwaamkia shikamoo wale wenye umri. Niliuliza habari za safari, za familia, za mvua za huko kwao. Niliwajulisha kwamba sisi huku hatujambo, ila mafua kidogo. Nilimshukuru mwenyekiti, makamu wake, na wale wanaopika chakula cha kikao, maana hao husahaulika. Mwalimu akahesabu choroko. Sahani ilikuwa karibu robo na shida ya wanawake ilikuwa haijaanza.

"Mama Kulwa," alisema, anajizuia, "hawa watu hawasalimiani."

"Hata kidogo?"

"Wanaanza na shida."

"Basi wana shida kweli."

Tulikata salamu zote. Aliniachia moja, nusu mstari, katika Kiingereza, na naamini mpaka leo kwamba mahali fulani kuna mjumbe mmoja aliisoma akajibu marahaba kimoyomoyo.

Kitu kikubwa alichonifundisha Mwalimu si Kiingereza, hicho kilinishinda. Ni kusomea. Alisema neno la mtu haliondoki ofisini mpaka lirudi kwanza kwa aliyelisema, lisomwe mbele yake kwa sauti, akubali, au akatae. Tulipokwisha kulitafsiri, alikuwa anampa mtu mwingine, ambaye hajaona Kiswahili chetu, alirudishe kwa Kiswahili, na hicho ndicho nilichokwenda kukisoma mwaloni. Mara nyingine kilirudi kikiwa kimeota mkia. Mwanamke alisema "nimechoka," kwa Kiingereza akawa "amekosa uwezeshwaji," kwa Kiswahili akarudi "hana nguvu," akasikia akaruka: "Nani hana nguvu? Nipe gunia nilibebe!" Hapo tunaanza upya. Vijana, mtasikia watu wakisema kusomea kunapoteza muda. Kweli kunapoteza. Niliandika mara nyingi kwenye daftari, "Leo tumepoteza siku." Endeleeni kuzipoteza.

Sasa nifike kwenye mwaka ninaotaka kuusema, ambao si wa zamani. Mwalimu alikuwa anafanya kazi kutoka nyumbani kwake Butimba kwa sababu ya magoti. Choroko zilikwisha kustaafu kabla yangu. Kikao cha mwaka ule kilitaka habari za wanawake na kipato, na sisi tukachagua mwalo mmoja wa dagaa. Sitautaja. Wanawake wanane walikubali kuzungumza. Kikundi chao kilikuwa na Bi Zuhura, mkubwa wao, aliyezaliwa mjini katika familia ya wafanyabiashara na anayeweza kupatana bei na jiwe. Mama Otieno, Mjaluo, mwenye sauti ya kuita mitumbwi kutoka katikati ya ziwa. Na Nyamizi, mjane, mdogo kuliko wengi wao.

Nyamizi si jina lake. Haya ninayoandika nimemsomea yote, amecheka, na amenipa ruhusa. Mtaona kwa nini nahakikisha.

Wote wanane walinieleza mambo ya vichanja vya kuanikia dagaa, ya jua, ya barabara. Nyamizi peke yake ndiye aliyenisubiri mpaka wenzake waondoke, akaniambia jambo la pili. Pale mwaloni kulikuwa na tajiri, yaani mwenye mitumbwi, aliyewauzia dagaa wa kwanza, wale wazuri, wanawake waliokubali kwenda chumbani kwake. Nyamizi alikataa. Msimu mzima hakuuziwa hata kikombe kwenye mtumbwi. Alinunua makombo kwa wenzake, akaanika makombo, mtoto wake wa sekondari akarudishwa nyumbani.

"Andika," aliniambia. "Lakini jina langu usiweke."

"Siweki, mwanangu."

Na sikuweka. Hapa ndipo kosa langu. Nilirudi ofisini nikaandika aya ambayo Mkurugenzi wetu alipoisoma alisimama. Iliandikwa hivi, na naiandika tena hapa baada ya kuhamisha jiwe na kubadilisha alama nyingine asijulikane: "Mama mmoja, jina tunalihifadhi, mjane wa fundi wa nyavu, aliyehamia kutoka kisiwani baada ya msiba, mwenye kichanja cha kwanza ukitokea kwenye jiwe kubwa, na mtoto mmoja wa kike aliye kidato cha pili…" Nilijiona nimeandika kwa uangalifu mkubwa. Kwetu mtu akitajwa lazima umweleze ni wa nani, ametoka wapi, anakaa upande gani, la sivyo ni kama umemtupa njiani. Nimelelewa hivyo. Jina nililihifadhi kwelikweli, nikaeleza njia ya kufika mlangoni kwake.

Siku moja kabla ya kufungwa mfumo wa mtandaoni wa kupokea matamko, mchana, nilikwenda kusomea. Tulikaa wanane na mimi wa tisa kwenye kivuli cha turubai, dagaa wakinukia pande zote. Tukasalimiana kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, vicheko, nani amenenepa, nani amefunga kilemba kipya. Nikaanza kusoma. Vichanja, wakaitikia. Barabara, wakaitikia kwa hasira. Nikafika kwenye aya ile. Nilifika kwenye "fundi wa nyavu" tu, Mama Otieno akasema kwa sauti yake ile ya ziwani:

"Si Nyamizi huyo!"

Nilisimama katikati ya neno. Nilimwangalia Nyamizi. Alikuwa ameshika ukingo wa kanga kwa meno.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea, kwa sababu kusomea ni kusoma yote. Nilipomaliza, Nyamizi alisema taratibu:

"Mama Kulwa, umri wako nauheshimu. Lakini umeniuza."

"Sikuweka jina, mwanangu."

"Jina langu wanalijua wangapi? Kichanja changu wanakijua wote."

"Ni Kiingereza," nilijitetea, na sasa nikiandika naona aibu. "Linasomwa ng'ambo."

Bi Zuhura akatikisa kichwa. "Ng'ambo kwenye mtandao. Binti wa huyo tajiri yuko chuo. Anasoma Kiingereza kama mimi ninavyosoma bei."

"Nitoe," alisema Nyamizi. "Msimu huu nimeanza kuuziwa tena, kidogo kidogo. Akisoma hii sitapata hata maji ya kunawia. Na watu watasema nilikwenda chumbani. Wakisema, binti yangu atasikia shuleni. Nitoe."

Nilimpigia Mkurugenzi, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie, kwa sababu sikutaka kuwa mjumbe anayebadilisha maneno katikati. Naomba mumsikilize kwa haki, maana kuna waliomsema vibaya baadaye na mimi sikupenda. Alisema, "Mama Kulwa, aya hiyo ndiyo moyo wa tamko. Mwaka jana tulipeleka mambo ya jumla, hakuna aliyetusoma. Tukiitoa, tunabaki na maneno ya semina. Hatuwezi kusema tu 'mama mmoja'?" Alikuwa anasema ukweli. Matamko ni mengi, na lisilo na mtu ndani linapita kama gari tupu.

"Ukisema mama mmoja," Nyamizi alimjibu kwenye simu, "mwaloni wataanza kumtafuta ni yupi. Na watanipata mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sinunui."

Mkurugenzi akasema, "Pole, dada. Ni lako. Likitoka, limetoka." Hilo pia liandikwe.

Nilichukua kalamu kuikata aya. Ndipo Bi Zuhura akasema, bila kuniangalia, anachambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa:

"Usiandike mama mmoja. Andika sisi."

"Sisi nani, Bi Zuhura?"

"Mimi aliniita mwaka ule mume wangu alipoumwa. Nilikataa. Nilinunua makombo miezi minne. Mnakumbuka nilisema nimeacha biashara kwa sababu ya presha? Presha gani! Mimi sina presha."

Mwanamke aliyekaa karibu naye akasema, "Mimi aliniita mwingine, si huyu. Wa mtumbwi mwingine." Wa tatu akasema, "Mimi nilikwenda." Akaliangalia ziwa. Bi Zuhura alimsogezea beseni, akaendelea kuchambua. Wa nne, wa tano, wa sita, kila mmoja kwa sentensi moja, wengine kwa nusu. Miaka yote wamekaa kichanja kwa kichanja, kila mmoja anaamini ni yeye peke yake. Nyamizi alikuwa ameirudisha kanga mdomoni; sasa akaitoa.

Jambo la ajabu likaanza, na naomba msije mkafikiri sikuheshimu uzito wake: walianza kucheka. Ilikuwa kama mtu ameshusha gunia. Bi Zuhura akasimama akamwigiza tajiri mmoja anavyoita kwa kidole, tumbo mbele, na wote wakaanguka. Yule wa tatu alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, na akasema, "Tena anakoroma!" Nikacheka mpaka daftari likaangukia kwenye dagaa. Ukurasa ule mpaka leo unanuka, njooni mnuse.

"Basi wanane," nilisema, nikijipangusa. "Naandika: sisi wanawake wanane."

"Andika saba," alisema Mama Otieno.

Tulimgeukia.

"Mimi sijafanyiwa. Mtumbwi ninaonunua ni wa shemeji yangu. Ataniita wapi? Sitadanganya mbele ya mataifa."

"Mama Otieno, ni ushirikiano tu!"

"Ushirikiano nitawapa. Uongo siwapi. Saba."

Ubishi ulikuwa mkali na mtamu. Wengine walisema wanane inasikika vizuri zaidi. Mmoja alimwambia kwamba akitaka wanaweza kumwombea tajiri amwite. Alimrushia dagaa. Mimi, nawaambia kweli, nilitamani wanane, kwa sababu ni wote, na wote inapendeza kwenye karatasi. Lakini Mwalimu hakunifundisha kupendeza. Nikaandika saba kati ya wanane. Nikaandika pia "baadhi ya wenye mitumbwi," kwa sababu nilikwisha kumuuliza mwenye mitumbwi mwingine pale pale mwaloni, akaniambia, "Mama, mimi nauza kwa foleni, usinichanganye na wahuni," na niliona kwa macho yangu foleni yake. Na Nyamizi ndiye aliyetoa sentensi ya kufungia aya: "Tunaomba dagaa wauzwe kando ya mtumbwi, mchana, kwa foleni, mbele ya kila mtu."

Mwalimu Ruta alipokea kwa simu. Tulimsomea, akatafsiri, akahesabu.

"Mmezidi maneno thelathini na nane," alisema. "Mfumo unakataa hata likizidi moja."

"Tukate wapi?" aliuliza Bi Zuhura. Macho yakamwaka. Hapa tulikuwa tumeingia sokoni kwake. "Soma hayo mengine."

Nikasoma aya ya utangulizi, iliyoandikwa ofisini.

"'Endelevu' hilo linafanya kazi gani?"

"Linaonyesha kwamba jambo litaendelea," alisema Mwalimu.

"Jambo likiwa zuri si litaendelea lenyewe? Toa."

"Limetoka. Thelathini na saba."

"Na 'suala mtambuka' ni nini?" aliuliza Nyamizi.

"Ni jambo linalopita kila sehemu."

"Basi lipite na hapa, liende."

Mwalimu alikuwa anacheka kwenye simu, nasikia magoti yake yanagonga meza. Walikata "kwa mapana yake," walikata "wadau wote husika," walimkata mfadhili aliyeshukuriwa mara mbili wakamwachia shukrani moja. Kila kikitoka kitu, Mwalimu anatangaza hesabu, nao wanapiga makofi. Walipofika sifuri, Bi Zuhura akamwambia, "Hebu tutolee na mawili ya ziada, asije akasema tumembana." Mkurugenzi nilipompelekea alikuta maneno yake mengi yamekufa. Alinijibu kwa ujumbe: "Sasa limekuwa tamko." Nimeuhifadhi.

Lakini lililobadilishwa lilikuwa halijasomewa. Mwalimu alihitaji jioni ile kulinyoosha na kulirudisha kwa Kiswahili, na mfumo ulikuwa unafungwa saa sita usiku ya huko, ambayo kwetu, Mwalimu alihesabu mara tatu kwa vidole, ilikuwa saa moja ya asubuhi. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri mume wangu alinipakia kwenye pikipiki, kompyuta nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, tukafika mwaloni mitumbwi ya dagaa inaingia. Salamu za asubuhi, mwangaluka, mwangaluka! Wanawake walikuwa ndani ya maji mpaka magotini na mabeseni. Niliweka kompyuta juu ya kreti, nikaunganisha bando la simu, nikasoma aya moja tu, kwa sauti ya kushinda injini, na hawakuacha kazi; waliitikia wakipokea dagaa. "Saba kati ya wanane," nilisoma. "Ndiyo!" wakajibu. Mama Otieno akainua kidole: "Na mimi nimo, wa nane!" Nilimwangalia Nyamizi.

"Sasa wananitafuta ni yupi?" aliuliza.

"Watatafuta saba."

Alipanda kutoka majini, magamba mpaka kwenye viwiko. "Ninabofya wapi?"

"Osha mikono kwanza, kompyuta ya ofisi hii!"

Alijipangusa kwenye kanga yangu, si yake. Akabofya. Alama ikazunguka. Ikazunguka. Mtandao wa ziwani mnaujua. Bi Zuhura akaanza kuisemesha kama mbuzi mkaidi. Dakika zilikuwa zinakimbia, nikajiona nimepoteza tamko la wanawake wale kwa sababu ya desturi yangu ya kusomea, nikaanza kutunga barua ya kuacha kazi kichwani. Kisha maandishi yakatokea: limepokelewa. Kelele zilizopigwa pale, wavuvi wawili walishuka mtumbwini kuuliza nani amejifungua.

Miezi ilipita. Tamko likatoka na namba yake. Kama liliingia kwenye azimio sijui. Mkurugenzi anasema kuna mstari mmoja unaofanana na wetu, Mwalimu anasema inaweza kuwa wa chama kingine. Nimeandika yote mawili kwenye daftari.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipeleka nakala za Kiswahili mwaloni, kila mmoja yake. Nilikuta foleni. Si ndefu, na mwishoni wanasukumana, lakini ni foleni, kando ya mtumbwi wa yule tajiri mwenyewe. Sitasema mtumbwi wake una rangi gani, nimejifunza. Sijui kama ni tamko, au dagaa walikuwa wengi wiki ile, au aliona mwenzake wa foleni anapata wateja. Yeye alikuwa amesimama juu ya mtumbwi na simu mkononi. Binti yake alikuwa amelitafsiri tamko na kumtumia.

"Nimesoma," alisema, si kwa ukali, ila kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Wanawake saba. Hao saba ni akina nani?"

Nilimtazama Bi Zuhura, maana nilidhani yeye ndiye atakayejibu. Alikuwa amefungua mdomo. Lakini aliyekuwa mbele ya foleni, zamu yake imefika, beseni kichwani, alikuwa Nyamizi.

"Mmoja ni mimi," alisema. Akashusha beseni, akaliweka kwenye ukingo wa mtumbwi. "Nipimie ndoo mbili. Na zijae."

Wote tulimtazama tajiri. Kisha akainama, akachota, akajaza.